Mbao Chini ya Kitanda cha Gogo

Kufikia saa tatu asubuhi Gogo Rebeccah, kama kilima kizima kilivyomwita bibi huyo mgonjwa, alikuwa ameshajibu salamu arobaini na moja. Celine, aliyeajiriwa kumtunza, alizihesabu, na si kwa kupenda. Ukiwa umekaa kwenye kigoda kati ya kitanda na dirisha, mtoto mgongoni, kijiko cha uji mkononi, utahesabu nini kingine? Kila alipokifikisha kijiko kwenye mdomo wa mgonjwa, kichwa kingine kilichomoza nje ya kioo.

"Chamgei, Gogo!"

"Chamgei mising," alijibu Gogo, na uji ukamtiririka kidevuni.

Celine alimfuta kwa ncha ya leso. Mgongoni Maxine, wa miezi saba, alishtuka usingizini akaanza kulia. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Ya arobaini na mbili hiyo," Celine alinong'ona.

"Na Esnah bado," alisema Gogo. Maneno yake yalitoka polepole, yakiburura mguu kama mwenyewe. "Esnah akipita ni kama watu kumi."

Nyumba ile ya mbao ilijengwa hatua nne kutoka njia ya kwenda kituo cha majani. Marehemu mumewe, Mzee Hezekiah, aliijenga hapo makusudi, asipitwe na habari. Kila mkulima wa kilima kile, akiwa na gunia lake la majani mabichi ya chai mgongoni, hana njia nyingine ya kufika kwenye mizani ila ile, asubuhi na tena mchana. Gogo alipopigwa na kiharusi, miaka miwili nyuma, upande wote wa kulia ukafa ganzi, na mwanawe Kipkirui akakisogeza kitanda hadi dirishani ili mama aone chai yake aliyoipanda kwa mkono wake. Lilikuwa wazo jema. Miezi ya kwanza Gogo alifurahi. Lakini hakuna mtu wa kilima kile anayeweza kupita mbele ya mgonjwa bila kumsalimia, wala mgonjwa anayeweza kusalimiwa akanyamaza. Kunyamazia salamu ni kama kumtemea mtu mate. Basi Gogo alijibu. Akiwa anakula alijibu, akioshwa alijibu, na hata siku ile Celine alipokuwa anambadilisha nguo za ndani, shuka likiwa limeanguka, wanaume wawili wenye magunia walisimama pua kwenye kioo wakauliza amelalaje.

Siku hiyo Gogo alijibu salamu huku machozi yakimtoka jicho moja, lile la kushoto. La kulia halikuweza tena hata kulia.

Na jua nalo. Dirisha lilitazama mashariki. Kuanzia saa mbili hadi saa tano jua lilimpiga Gogo usoni, na shingo haikugeuka. Alifumba macho, akajibu salamu akiwa amefumba.

Ungedhani dawa ya haya yote ni pazia. Celine mwenyewe alidhani hivyo wiki yake ya kwanza kazini, akaleta kitambaa cha maua kutoka kwake. Gogo alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Toa."

"Gogo, ni ya jua tu..."

"Toa, lakwet, mtoto wangu. Hezekiah alipokufa walifunga mapazia siku nne. Hapa kwetu pazia haifungwi mchana bure. Nilipotoka kumzika niliyatoa yote nikakata vitambaa vya kupangusia ng'ombe matiti." Alipumua. "Kitambaa ikiwa inaning'inia pale kwa kona, hata kama haijafungwa, naiona inaningojea."

Kwa hiyo dirisha lilibaki wazi, nao wakabaki ndani yake. Celine alifika saa kumi na mbili na nusu akitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ambako mumewe Calvince alikuwa mtu wa moto, wa kulisha kuni bwela la mvuke. Hakuondoka mpaka saa kumi na nusu, Phyllis, mke wa Kipkirui, aliporudi kutoka shule anayofundisha. Kwa muda wa saa kumi nzima, watatu ndani ya chumba kimoja: mwanamke asiyeweza kuamka, mtoto asiyeweza kulala, na yeye kati yao. Siku nyingine alijikuta amekiinamisha kichwa chini ya usawa wa dirisha, amechuchumaa sakafuni kama mwizi, ili tu amnyonyeshe Maxine bila mtu kumwuliza mtoto anaendeleaje.

Kipkirui alikuwa afisa wa mifugo huko Siongiroi, na kila mtu, hata mamake akitaka kumchokoza, alimwita Daktari. Alirudi nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja alisimama mlangoni akamwona mama amefumba macho juani, watu watatu wapo dirishani, na Maxine analia.

"Imetosha," alisema. "Mwezi ukiisha tunamhamishia chumba cha nyuma. Kuna kivuli, kuna utulivu."

Celine alikijua chumba cha nyuma. Kilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa sinia, na sinia hilo lilitazama ukuta wa zizi.

Gogo alingoja hadi mwanawe alipotoka. Kisha mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa bado na nguvu za mtu aliyechuma chai miaka thelathini, ulimshika Celine kifundo cha mkono.

"Huko nyuma," alisema, "nitakaa kama viazi kwa ghala. Nikitaka kufunga watu, nifunge mwenyewe. Nikitaka kufungua, nifungue mwenyewe. Wewe si unasoma ufundi? Fanya kitu. Lakini nisiione ikiwa haina kazi. Nikifungua, nione dirisha peke yake."

*

Masomo yalikuwa ya jioni, kwa muda wa saa mbili kila siku, katika chuo cha ufundi kilichokuwa na paa la mabati na mashine moja ya kupasua mbao. Celine alikuwa mwanamke peke yake kwenye darasa la useremala. Mwalimu Obonyo, mtu mnene mwenye penseli nyuma ya kila sikio, alimsikiliza hadi mwisho huku akimbembeleza Maxine gotini.

"Kwa hiyo mgonjwa wako anataka kitu ambacho hakipo."

"Kipo akitaka, mwalimu. Asipotaka, hakipo."

Obonyo alicheka mpaka Maxine akacheka naye. "Sasa nenda ukachore hayo maneno."

Alichora. Alichora kwenye daftari, nyuma ya kalenda, juu ya mfuko wa unga. Mwanzoni alitaka kiwambo cha kuteleza, cha kufunika dirisha, kiingie ndani ya ukuta wenyewe, kati ya mbao za nje na plaiwudi ya ndani, lakini alipogonga ukuta kwa kifundo cha kidole alisikia nguzo imesimama palepale dirisha linapoishia. Nguzo ile ilibeba paa. Usiku huo alilala na ile nguzo akilini, na asubuhi, akimfunga Maxine mgongoni, jibu likaja lenyewe: kama huwezi kuingia ndani ya ukuta, ulete ukuta kwako. Angepigilia vipande vya mbao vya inchi mbili juu ya ukuta wa zamani, upande wa kushoto wa dirisha hadi kwenye kona, kisha plaiwudi mpya juu yake. Ukuta ungenenepa inchi mbili na nusu, na hakuna mgeni angejua. Ndani ya unene huo ndimo kiwambo kingejificha.

Dirisha lilikuwa futi nne kwa upana, na kutoka dirishani hadi kona zilikuwa futi mbili na kidogo. Kwa hiyo kiwambo kikawa vipande viwili vya futi mbili mbili, kila kimoja na njia yake, kimoja nyuma ya kingine. Kikivutwa cha mbele, ulimi mdogo wa mbao ulikinasa cha nyuma ukakileta. Kikisukumwa, vyote viwili vilirudi ukutani vikalala pamoja. Fremu zilikuwa za mbao za saipresi, nyembamba, zimewambwa kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga lakini si sura ya mtu.

Kilichobaki ni mkono. Kitanda kilikuwa upande wa kulia, na Gogo hangeweza kufika.

"Ufito wangu uko wapi?" Gogo aliuliza.

Ufito ni ile fimbo ndefu iliyonyooka ambayo mchuma chai huilaza juu ya miti, aone jani lipi limepanda kupita mengine. Wa Gogo ulikuwa juu ya kabati, umeng'aa kama mfupa kwa miaka ya kushikwa. Celine alifunga kulabu ya waya kwenye ncha yake na kijishimo chenye pete kwenye ubavu wa kiwambo. Gogo aliupokea kwa mkono wa kushoto, akaupima uzito.

"Huyu ananijua," alisema.

Mbao zilikaushwa na Calvince. Ndiyo ilikuwa sehemu rahisi, au hivyo walivyofikiri. Alizibeba kazini akazilaza juu, karibu na bwela, siku tano mchana na usiku, mahali ambapo hata soksi iliyolowa hukauka ndani ya dakika kumi. Alizirudisha nyepesi kama maganda.

"Zipige," alimwambia mkewe kwa fahari. Celine alizigonga, zikalia kama glasi. "Hiyo sasa ni daraja la kwanza. Ingekuwa majani, ingeenda mnada wa Mombasa."

Mume na mke wote wawili walizaliwa na kulelewa kwenye nyumba za kiwanda. Tangu utotoni walijua kwamba unyevu ni adui na kwamba kitu kikikauka zaidi ndipo kinazidi kuwa kizuri. Hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo.

*

Jumatatu jioni kiwambo kiliwekwa. Jumanne saa tatu, baada ya salamu ya thelathini na tisa, Gogo alinyoosha ufito, kulabu ikashika, akavuta. Vipande viwili vilitoka ukutani vikiteleza bila sauti, jua likageuka maziwa, na njia yote ikapotea na watu wake.

Gogo alifumbua macho, pole pole, kama mtu anayejaribu kama maji ni moto. Maxine alilala. Celine akamnyonyesha akiwa ameketi wima kwenye kigoda, kama malkia, kisha naye akasinzia kidogo akiwa amekaa. Saa tano Gogo alisukuma, na dirisha likarudi tupu, na chai ikaonekana hadi mtoni.

Jumatano ilikuwa vivyo hivyo, ingawa mvua ilianza mapema na Gogo alichelewa kidogo kufungua. Celine aliona jasho kwenye paji la uso wake, akadhani ni uji wa moto.

Alhamisi Gogo alifunga saa tatu kama kawaida, akalala. Celine alipoona mtoto pia amelala alimlaza kitandani kando ya Gogo, akatoka nyuma kuanua nguo kabla mvua haijazilowesha. Aliporudi alisikia kitu kikikwaruza. Gogo alikuwa ameshika ufito kwa nguvu zote, mshipa wa shingo umesimama, anasukuma. Kiwambo kilikuwa hakiendi mbele wala nyuma.

"Gogo! Wacha, utajiumiza."

Celine aliushika mwenyewe akasukuma. Hakuna. Akaweka kiganja kwenye fremu, akasukuma kwa bega. Mbao zilikuwa zimevimba, zimeuma njia yake kama meno. Chumba kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi zao, na mwanga mweupe ule uliokuwa raha juzi sasa ulikuwa kama shuka juu ya uso.

"Tangu lini iko ngumu hivi?"

Gogo aliachia ufito ukaanguka juu ya blanketi. "Jana," alisema. "Hata juzi kidogo."

"Na hukuniambia?"

Nje mvua ilikuwa imeshika bati.

"Nilifikiri ni mkono," Gogo alisema mwishowe. Alikuwa hamtazami. "Nilisema, sasa na huu wa kushoto umeanza kwenda. Nikasema nisiambie mtu. Daktari akijua, hata dirisha hatanipa tena, hata kijiko hatanipa."

Celine aliketi ukingoni mwa kitanda. Akauchukua ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akauweka kwenye shavu lake.

"Si mkono, Gogo. Ni mimi. Ni mbao zangu."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Gogo alipumua kwa kishindo, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Na hapo ndipo walipomsikia Esnah.

"Chamgei, Gogo?" Sauti ilikuja kutoka nje, mwavuli ukigonga kioo. "Gogo? Chamgei?"

Celine alifungua mdomo. Gogo akauziba kwa kiganja.

"Wacha," alinong'ona. Macho yake yalikuwa yanang'aa ajabu. "Miaka miwili sijanyamaza hata mara moja. Wacha nijue inakaaje."

Esnah aliita mara ya tatu. Kisha wakasikia viatu vya mpira vikikimbia kwenye matope.

*

Ikiwa utafunga dirisha kwa kitambaa cheupe mchana, kwenye nyumba ya mgonjwa, kwenye kilima kile, na saa ya kufungua ikapita, na ukanyamazia salamu, usishangae kitakachofuata. Celine alishangaa kwa sababu kwao, kwenye nyumba za kiwanda, milango hufungwa mchana kutwa na watu wa zamu ya usiku wamelala ndani. Alikuwa bado anapambana na kiwambo kwa patasi aliposikia wimbo. Mwanzoni ulikuwa mbali, kisha ukapanda kutoka kituo cha majani, wa wanawake, ule unaoimbwa kwenye mazishi.

"Gogo," alisema polepole, "nafikiri wanakuja kukulilia."

"Nani?"

"Wote."

Wakaja. Kupitia kitambaa waliona vivuli vyao vikijaa dirishani, miavuli, magunia, vibuyu vya maziwa. Mtu alikuwa ameleta kuni. Celine alielekea mlangoni.

"Kaa," alisema Gogo. "Kwanza nisikie."

"Gogo, ni dhambi!"

"Nitatubu. Kaa."

Wakasikia. Wakasikia kwamba Gogo Rebeccah alikuwa mkali lakini mkono wake haukuwahi kufunga. Kwamba aliwafundisha wasichana wote wa kilima kuchuma majani mawili na chipukizi. Kisha Esnah, akilia kweli kweli, akasogea hadi kioo.

"Na mimi nisamehe, Rebeccah. Ile sufuria yako kubwa iko kwangu. Tangu harusi ya Daktari. Nilisema nitaleta, nikasema nitaleta..."

"Nilijua!" Gogo alinguruma. "Nilijua ni wewe, Esnah! Miaka kumi na moja!"

Nje kulizuka kelele kama kuku wameona mwewe. Kibuyu kilivunjika. Mtu alianguka. Na Gogo, kitandani, alicheka kicheko ambacho Celine hakuwahi kukisikia kutoka kwake, cha upande mmoja wa mdomo, mpaka akakohoa, mpaka Maxine akaamka na kumtazama kwa mshangao.

Lakini kuna mtu alikuwa ameshapiga simu Siongiroi.

Kipkirui alifika kwa pikipiki baada ya saa moja na nusu, amelowa hadi kwenye mifupa, helmeti bado kichwani. Hakumsalimia mtu. Aliingia, akamwona mama ameketi juu ya mito anakunywa maziwa ya matanga yake mwenyewe, akapiga magoti palepale sakafuni, akalia.

Kisha akasimama, na sasa hakuwa analia.

"Mama Maxine. Hii nini?"

"Imekwama, Daktari. Mbao zimevimba."

"Imekwama na mama yangu ndani." Alikisukuma kiwambo kwa mikono miwili, hakikutikisika. Alikazia macho shoka la kuni lililokuwa nyuma ya mlango. "Kukitokea moto je? Nikiwa huko na ng'ombe za watu?"

"Usiguse," Gogo alisema.

"Mama, nimekuja njia nzima nikijua umekufa! Unajua njia ya Siongiroi na mvua? Nimekuzika mara tatu kabla ya kufika lami!" Alivuta pumzi. "Jumamosi unahamia nyuma. Nimemaliza."

"Basi mara ya nne utanizika kweli. Huko nyuma hata Esnah hatajua nimekufa. Hapa angalau walikuja haraka."

Celine hakujua alipata wapi ujasiri. Pengine ni kwa sababu Maxine alikuwa kwenye mikono yake, na mtu akiwa na mtoto mikononi hawezi kutetemeka.

"Daktari, nipe wiki mbili. Leo naitoa yote, dirisha linabaki wazi. Nikiirudisha ikakwama mara moja tu, hata nusu, mhamishe, na mimi nitabeba mbao zangu niende."

Kipkirui aliwatazama wote watatu. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye mikono ya koti hadi sakafuni.

"Na nitachagua siku mwenyewe," alisema. "Siku ya mvua."

*

Mwalimu Obonyo alikishika kipande cha fremu, akakinusa, akakilamba.

"Mlikausha wapi?"

Celine akamwambia. Obonyo aliketi juu ya benchi, akatoa penseli nyuma ya sikio moja, akairudisha nyuma ya lile lingine.

"Watu wa chai," alisema. "Nitafanya nini na nyinyi? Mbao si majani, dada yangu. Majani ukishayakausha unayafungia kwa karatasi hayaoni hewa tena. Hii umeikausha kama jangwa, halafu umeipeleka kwa nyumba ambayo mvua inanyesha kila siku saa nane, na ndani kuna watu watatu wanapumua. Imefanya nini? Imekunywa. Hata wewe ungekunywa."

"Sasa?"

"Sasa tafuta mbao nyingine, uzipeleke zikaishi huko kwanza. Zizoee nyumba. Hata mtu hapimwi nguo ya harusi siku aliyotoka hospitali."

Ndiyo sababu, kwa siku kumi, mbao sita za saipresi zililala chini ya kitanda cha Gogo Rebeccah, zikitenganishwa na vijiti, zikipumua hewa ileile waliyopumua wao. Dirisha lilikuwa wazi tena. Salamu zilirudi, tena zaidi ya zamani, maana sasa kila mtu alitaka kumwona aliyefufuka. Siku ya kwanza Celine alifika sitini na nane akaacha kuhesabu. Jua lilipiga. Gogo alifumba macho na kujibu. Kuta zilikuwa zilezile, lakini baada ya kuonja siku mbili za kivuli zilionekana zimesogea karibu, na alasiri moja Celine alijikuta amesimama katikati ya chumba, Maxine mgongoni, ameshindwa kukumbuka alikuwa anaelekea wapi. Hapakuwa na mahali pa kuelekea. Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua mbili.

"Zimefika wapi?" Gogo angeuliza kila jioni, akigonga ubavu wa kitanda.

Celine angepiga magoti, aweke tepu kwenye mbao. Siku ya tatu zilikuwa zimenenepa kiasi cha unywele. Siku ya saba zilikuwa zimetulia. Siku ya kumi zilikuwa vilevile, na hapo ndipo alipozikata. Safari hii aliacha nafasi ya unene wa sarafu kila upande. Vipande havikukaa tena juu ya reli ya chini. Alivitundika kutoka juu kwa vigurudumu vidogo alivyovitoa kwenye droo ya meza mbovu ya chuo, na njia yote akaisugua kwa mshumaa hadi ikateleza kama sabuni. Wazo la kutundika lilikuwa lake. Obonyo alilitazama muda mrefu, kisha akawaita wanafunzi wote waje waone, na hakusema limetoka kwa nani, alimnyooshea kidole tu.

Kipkirui alichagua Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka ambayo huingia hata kwenye chumvi. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani. Phyllis alisimama nyuma yake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshafagiliwa. Celine alikuwa ameona ufagio umeegemea mlango wake.

Saa tatu na nusu Esnah akatokea dirishani chini ya mwavuli, na sufuria kubwa kichwani.

"Chamgei, Rebeccah! Nimeleta! Sasa usiseme sikuleta. Na nikuambie, wale wa pale chini, si unajua yule kijana wao, juzi..."

Gogo aliunyanyua ufito. Mkono ulitetemeka kidogo. Celine aliuona, na akajua Kipkirui ameuona pia. Alifumba ngumi zake mwenyewe ndani ya leso. Kulabu iligonga fremu, ikakosa, ikagonga tena. Ikashika.

Kipande cha kwanza kilitoka. Kikafika katikati ya dirisha, ulimi ukanasa, na hapo, kwa muda wa kama pumzi moja, kikasimama. Kipkirui alishusha mikono. Celine aliinua mguu asogee.

"Mtu asinikaribie," alisema Gogo.

Akavuta tena, polepole, kwa bega, kama mtu anayevuta tawi lenye majani mengi. Kipande cha pili kikatoka ukutani, vyote viwili vikateleza hadi mwisho, na Esnah, mdomo wazi, neno bado halijaisha, akafunikwa kutoka kushoto kwenda kulia hadi akawa kivuli chenye sufuria.

"...Rebeccah?" kivuli kiliuliza. "Uko?"

"Niko!" alisema Gogo kwa sauti ya kusikika hadi mizani. "Niko na nimefunga. Weka sufuria kwa mlango. Hayo mengine utaniambia saa tano."

Kivuli kilisita. "Saa tano?"

"Saa tano nafungua."

Walimsikia Esnah akizunguka kwenda mlangoni, akinung'unika, na sufuria ikitua. Mvua iliendelea. Gogo alisubiri kidogo, kisha akasukuma, akafungua hadi kona, ukuta ukameza kila kitu na chai ikaonekana yote, imelowa, inang'aa. Akavuta tena, akafunga. Kisha akaulaza ufito kando yake, juu ya blanketi, mkono juu yake.

Kipkirui aliutazama mkono ule, si kiwambo. Alikohoa. Alimwambia Phyllis jambo kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, na Phyllis akatoka, akauchukua ule ufagio kutoka mlango wa chumba cha nyuma, akaurudisha jikoni.

Celine aliketi kwenye kigoda. Alimshusha Maxine mgongoni akamweka kwenye titi, hapohapo kwenye mwanga mweupe, kichwa juu. Ilibaki kama saa moja na nusu kufika saa tano, na nyuma ya kitambaa vivuli vyenye magunia vilianza kupita kimoja kimoja, vikipunguza mwendo, na vingine vikaenda bila kusema kitu.